Vijana 48, hewa moja: namna ya kukokotoa uwezo wa chaneli inayotumiwa na wengi

Ilikuwa saa tatu usiku. Nimekaa kwenye ngazi za hosteli moja ya wanafunzi mjini Morogoro, laptop iko mapajani. Vyumba 24, vijana 48, ruta moja imetundikwa juu ya mlango wa ofisi ya chini. Mama mwenye hosteli amesimama nyuma yangu na daftari lake la malalamiko.

"Fundi, nilianza na megabiti 20, nikapandisha hadi 50. Kila mwezi nalipa. Watoto bado wanasema mtandao haufunguki. Hizo megabiti zinakwenda wapi?"

Nikachomeka waya kwenye ruta na kupima: 49. Nikachomoa, nikapanda ghorofa ya juu hadi mwisho wa korido, nikapima tena kwa Wi-Fi: moja na nusu. Kumbe megabiti zake zote zilikuwa zinafika mlangoni salama. Zilikwama hewani, kati ya ruta na simu za vijana.

Tangu siku ile sijawahi kumshauri mtu aongeze kifurushi kabla ya kufanya hesabu ninayoieleza hapa. Unahitaji simu yenye programu ya kupima Wi-Fi, kikokotoo, karatasi, na saa mbili hivi za jioni. Mafundi wengi wanairuka kwa sababu inaonekana ya darasani. Kwangu mimi ndiyo inayotofautisha kutibu na kubahatisha.

Jambo la kushika kabla ya yote: watu wanaotumia chaneli moja ya redio hawagawani megabiti. Wanagawana muda. Nauita muda wa hewani, na usiuchanganye na muda wa maongezi unaonunua dukani. Sekunde moja ina mikrosekunde milioni moja, na kila kifaa kinachosema neno lolote kwenye chaneli hiyo kinakata kipande chake. Zikiisha, zimeisha, hata kama kifurushi chako ni cha gigabiti.

Hatua ya 1: Jua ni chaneli ipi inayogombewa

Kutoka simu ya mwanafunzi hadi kwenye video anayoitazama kuna chaneli nyingi zinazotumiwa kwa pamoja. Kuna hewa ya chumbani, kuna laini ya kutoka jengoni hadi kwa mtoa huduma, kuna mitambo yake, kisha nyaya za baharini kama SEACOM na TEAMS zilizofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, au EASSy ya mwaka 2010. Yoyote kati ya hizo inaweza kujaa. Lakini katika majengo niliyoyapitia, mara nyingi inayojaa kwanza ni ile ya mwanzo au ya pili.

Kuzitenganisha ni rahisi. Wakati wa msongamano (usipime saa nne asubuhi vijana wakiwa darasani), pima kasi kwa waya ulioingia moja kwa moja kwenye ruta. Kisha pima kwa Wi-Fi mita mbili kutoka kwenye ruta, halafu kwenye chumba cha mbali kuliko vyote. Waya ukitoa kasi ndogo kuliko unayolipia, tatizo liko kwenye laini, na utaanzia hatua ya 8. Waya ukiwa sawa huku Wi-Fi ikisuasua, tatizo ni hewa. Ukitaka uhakika zaidi, weka programu ya iperf3 kwenye kompyuta iliyounganishwa na ruta kwa waya, na nyingine kwenye laptop ya Wi-Fi, kisha pima kati yake bila kugusa intaneti kabisa.

Hatua ya 2: Pima ishara chumba kwa chumba

Chora ramani ya jengo kwa mkono. Pita kila chumba, simama mlangoni, andika namba ya nguvu ya ishara. Utaona namba hasi za dBm (desibeli zinazopima nguvu ya ishara): -50 ni karibu na ruta, -67 ni nzuri ya kufanyia kazi, -85 ni simu inayojikongoja. Kila desibeli 10 ni mara kumi, kwa hiyo kati ya -55 na -85 ishara imepungua mara elfu moja. Ukuta wa tofali za kuchoma na slabu ya zege vinaweza kufanya hivyo kwa umbali mfupi sana.

Kisha unahitaji kelele, yaani ule mvumo unaobaki hata kama hakuna anayetuma. Joto lenyewe linazalisha -174 dBm kwa kila hezi moja ya masafa. Chaneli ya Wi-Fi yenye upana wa megahezi 20 inaongeza desibeli 73, tunafika -101. Saketi za kifaa chenyewe zinaongeza kelele yake. Mimi huweka desibeli 6, ikawa -95. Toa moja kwenye nyingine: chumba chenye -67 kina pengo la desibeli 28 kati ya ishara na kelele. Chumba chenye -85 kina pengo la 10.

Hatua ya 3: Tafuta dari

Mwaka 1948 Claude Shannon, akiwa Bell Labs huko Marekani, alichapisha kanuni inayoonyesha kiwango cha juu kabisa cha taarifa kinachoweza kupita kwenye chaneli yenye kelele bila makosa. Ni fupi:

C = B × log₂(1 + S/N)

C ni uwezo kwa biti kwa sekunde, B ni upana wa masafa kwa hezi, S/N ni mara ngapi ishara inaizidi kelele. Log₂ ni kuuliza tu: 2 ipandishwe kipeo gani ili nipate namba hii? Kama kikokotoo chako kina log ya kawaida peke yake, gawanya jibu lake kwa 0.301.

Chumba chenye pengo la desibeli 28: ishara ni mara 631 ya kelele (10 ikipandishwa kipeo cha 2.8). Log₂ ya 632 ni 9.3. Zidisha kwa megahezi 20, unapata megabiti 186 kwa sekunde. Chumba cha mwisho wa korido, pengo la desibeli 10: mara 10. Log₂ ya 11 ni 3.46, sawa na megabiti 69.

Tua hapo kidogo uitazame kanuni hiyo, maana inaokoa hela. Nguvu ya ishara iko ndani ya log, upana wa masafa uko nje. Ukizidisha nguvu ya ruta mara mbili, unaongeza si zaidi ya biti moja kwa kila hezi, yaani megabiti 20 kwenye dari yetu. Ukizidisha upana mara mbili ilhali ishara ni kubwa, dari inakaribia kuwa mara mbili. Anayekuuzia antena kubwa au ruta "yenye nguvu" anakuuzia kile kilichomo ndani ya log. Tena nguvu ya ruta ya kutuma ni ya upande mmoja. Simu ya kijana haijaongezewa chochote, na nayo lazima ijibu.

Dari lakini si sakafu. Ruta ya kawaida ya kizazi cha nne cha Wi-Fi, yenye mkondo mmoja wa antena na megahezi 20, inaweza kutuma kwa ngazi kuanzia megabiti 6.5 hadi 65 kwa sekunde (72 katika mpangilio fulani), na kwa simu ya mbali inashuka hadi ngazi za chini kabisa. Kule Shannon alikoahidi 69, ruta yako inatoa 6.5. Pengo hilo ni la teknolojia na la mwingiliano wa majirani, na ndilo tutakalolifanyia kazi.

Hatua ya 4: Pasua pakiti moja uone gharama zake

Hapa ndipo nilipoelewa mambo ambayo miaka mingi niliyachukulia kama mazingaombwe.

Wi-Fi ni chaneli ya kupokezana. Ruta na simu zote ziko kwenye masafa yaleyale, na wawili wakisema pamoja maneno yanavurugika. Tatizo hili lina historia. Mwaka 1971 Norman Abramson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hawaii waliwasha mtandao wa redio ulioitwa ALOHAnet, uliounganisha visiwa kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde. Kila kituo kilituma kinapotaka, kikikosa jibu kinarudia baada ya muda wa kubahatisha. Hesabu ikaonyesha kwamba kwa utaratibu huo hewa inaweza kufanya kazi ya maana kwa asilimia 18.4 tu ya muda. Wakipangiwa vipindi vya kuanzia kutuma, inapanda hadi 36.8. Sehemu iliyobaki ni ukimya na migongano.

Wi-Fi iliboresha kwa kuongeza adabu: sikiliza kwanza, kukiwa kimya subiri kidogo, kisha hesabu namba ya kubahatisha ndipo useme. Adabu hiyo ina gharama. Chukua pakiti moja ya baiti 1,500, simu iko karibu, kasi ni 65, na fuatilia mikrosekunde zake:

Kusubiri kimya: 30 hivi.
Kuhesabu namba ya kubahatisha: wastani 67.
Utangulizi wa kuamsha mpokeaji: 36.
Data yenyewe pamoja na vichwa vyake: 189.
Kipumziko: 10.
Jibu la "nimepokea": 30.

Jumla 362. Ndani yake umepitisha biti 12,000 za maana, sawa na megabiti 33 kwa sekunde. Ruta imeandikwa 65, na nusu yake imekwenda kwenye kubisha hodi na kuitikia. Vifaa vya kisasa hufunga pakiti nyingi pamoja na kubisha hodi mara moja, hivyo hali inaweza kuwa bora. Lakini kukiwa na simu nyingi zinazotuma vipakiti vidogo na migongano ya hapa na pale, mimi hupangia nusu, na mara chache nimejuta.

Sasa pakiti ileile kwa simu ya mwisho wa korido, kasi 6.5. Data peke yake inakula mikrosekunde 1,890, na jumla inafika 2,075 hivi. Kasi halisi: megabiti 5.8.

Weka simu hizo mbili pamoja. Utaratibu wa Wi-Fi unampa kila mmoja zamu sawa, pakiti kwa pakiti. Mzunguko mmoja ni 362 + 2,075 = mikrosekunde 2,437, umepitisha biti 24,000. Kila mmoja anapata megabiti 4.9. Yule wa karibu, aliyekuwa na 33 akiwa peke yake, sasa yuko chini ya 5 kwa sababu ya jirani ambaye hata hajamwona. Mwaka 2003 watafiti wa Grenoble, Ufaransa, walilieleza jambo hili kwa hesabu: mwendo wa wote unashuka kuelekea wa aliye mzito. Ni kama daladala zinazofuatana kwenye njia isiyo na pa kupita.

Hatua ya 5: Jumlisha muda wa hewani

Hii ndiyo hesabu kuu. Gawanya karatasi safu nne: kundi la watumiaji, idadi yao, mahitaji ya kila mmoja, na kasi halisi wanayoipata pale walipo. Asilimia ya hewa anayokula mtu mmoja ni mahitaji gawanya kwa kasi halisi.

Pale hosteli vijana ni 48, lakini hawatazami wote kwa wakati mmoja. Nilihesabu kwenye ukurasa wa ruta usiku tatu mfululizo, nikakuta kilele ni 16 wenye matumizi mazito. (Hesabu ya kwako ifanye mwenyewe. Ofisi, msikiti, lodge na shule hazifanani.) Video ya ubora wa kati pamoja na WhatsApp nikaiwekea megabiti 1.5 kwa mtu.

Wa karibu na wa kati walikuwa 12. Kila mmoja anakula 1.5 ÷ 33, asilimia 4.5. Kumi na wawili wanakula asilimia 54.

Wa mwisho wa korido ya juu walikuwa wanne. Kila mmoja anakula 1.5 ÷ 5.8, asilimia 26. Wanne wanakula asilimia 104.

Jumla: asilimia 158 ya muda ambao una asilimia 100 tu. Watu wanne kwa 48 walikuwa wanaimaliza hewa yote peke yao, na hawakuwa na kosa lolote. Walipewa vyumba vya mbali, basi. Na ukiangalia mahitaji yote kwa megabiti ni 16 × 1.5 = 24. Kifurushi cha 50 hakikuwa na kazi ya kufanya.

Lengo langu ni kubaki chini ya asilimia 60. Ukikaribia 100 foleni inarefuka haraka kuliko matumizi yanavyoongezeka, na mtu anayepiga simu ya video ndiye wa kwanza kuumia.

Hatua ya 6: Ongeza wale wasioonekana kwenye orodha yako

Kila jina la Wi-Fi linalotokea kwenye simu yako linajitangaza takriban mara kumi kwa sekunde, kila baada ya milisekunde 102.4, hata kama hakuna aliyeunganishwa nalo. Kwenye ruta za megahezi 2,400 (zinazoandikwa 2.4 GHz) zilizoachwa na mipangilio ya kiwandani, tangazo hilo mara nyingi hutumwa kwa kasi ya zamani kabisa, megabiti 1. Tangazo la baiti 250 hivi linachukua milisekunde 2.2. Hiyo ni asilimia 2 ya hewa kwa kila jina.

Pale hosteli ruta ilikuwa na majina manne: wanafunzi, ofisi, wageni na kamera. Majirani waliosikika kwenye chaneli ileile walikuwa na sita. Majina kumi, zaidi ya asilimia 20 ya hewa imekwisha kabla kijana yeyote hajafungua simu. Fungua programu ya kupima Wi-Fi, hesabu majina yaliyo kwenye chaneli yako, zidisha kwa 2. Ongeza kwenye karatasi.

Hatua ya 7: Rekebisha kwa mpangilio huu

Punguza majina. Mawili yanatosha majengo mengi.

Zima kasi za zamani. Kwenye mipangilio, ondoa kasi za 1, 2, 5.5 na 11, ya chini kabisa iwe 6. Tangazo lililokula milisekunde 2.2 sasa linakula chini ya 0.4. Ni badiliko la dakika moja na halina gharama. Hakikisha tu hakuna kifaa cha zamani sana, kwa mfano mashine ya kuchapisha ya miaka ya mwanzo ya Wi-Fi, kinachotegemea kasi hizo.

Chagua chaneli 1, 6 au 11. Hizo tatu hazikanyagani kwenye megahezi 2,400 kwa upana wa 20. Mtu anayekaa kwenye 3 akidhani amekimbia msongamano anawavuruga wa 1 na wa 6 pamoja, na wao wanamvuruga, kwa sababu wanachosikia ni mvumo badala ya maneno ya kupisha. Na usitumie upana wa 40 kwenye masafa haya. Kanuni ya Shannon inaupenda upana, ndiyo, lakini hapa upana huo ni wa majirani.

Hamisha wenye simu zinazoweza waende megahezi 5,000 (5 GHz). Kuna chaneli nyingi zaidi na majirani wachache, ingawa kuta zinakula ishara zaidi.

Kisha ongeza ruta ya pili mahali walipo wanaokula hewa nyingi, iunganishwe kwa waya, kwenye chaneli tofauti. Nasisitiza waya. Kirudia mawimbi cha kuchomeka ukutani hupokea pakiti na kuituma tena hewani. Ikiwa ni kwenye chaneli ileile, kila pakiti imelipiwa mara mbili. Pale Morogoro tulivuta mita 35 za waya hadi korido ya juu. Wale wanne wakapanda kutoka kasi ya 6.5 hadi 65. Rudia hesabu: 16 × 4.5 = 72, zigawe kwenye chaneli mbili, 36 kila moja. Kutoka 158 hadi 36.

Mwisho, kama ruta ina chaguo lililoandikwa Airtime Fairness, liwashe. Linagawa muda sawa badala ya zamu sawa. Kwa zile simu mbili za hatua ya 4, wa karibu angepata 16.5 na wa mbali 2.9. Ni haki au si haki? Mimi naona ni haki pale tu ambapo umeshamfikishia wa mbali ishara nzuri. Ukiliwasha kama njia ya kukwepa kununua waya, umemfukuza kimya kimya.

Je, ni lazima kupokezana?

Swali hili liliniweka macho, na jibu lake ni zuri mno kuliacha. Shannon mwenyewe alianza kuliangalia mwaka 1961. Rudolf Ahlswede mwaka 1971 na Henry Liao mwaka 1972 wakalikamilisha kwa hali ya watu wengi wanaotuma kwa mpokeaji mmoja: wakitumia masafa yaleyale kwa wakati uleule, wanaweza kupata zaidi ya wanaopokezana.

Masharti kwa watu wawili ni matatu. Wa kwanza asizidi uwezo wake akiwa peke yake. Wa pili vivyo hivyo. Na jumla yao isizidi uwezo unaopatikana ukijumlisha nguvu zao: B × log₂(1 + (S₁ + S₂)/N).

Chukua simu ya karibu yenye pengo la desibeli 30 (mara 1,000) na ya mbali yenye 10 (mara 10), megahezi 20. Wakipokezana nusu kwa nusu, dari ya wa karibu ni megabiti 100 na ya wa mbali 35. Sasa waache waseme pamoja. Mpokeaji anaanza na wa karibu, akimchukulia wa mbali kama kelele: log₂(1 + 1,000/11) ni 6.52, sawa na megabiti 130. Akishamwelewa, anaijenga upya sauti yake nzima na kuitoa kwenye alichopokea. Kinachobaki ni wa mbali peke yake na kelele ya kawaida: megabiti 69, kana kwamba jirani hakuwepo. Ukishaujua wimbo wa mwenzako neno kwa neno, unaweza kuutoa masikioni ukabaki na anayekunong'oneza. Wote wawili wamepata zaidi, na yule mnyonge ndiye aliyefaidika sana.

Vifaa vya nyumbani havijafika huko kikamilifu, lakini kipande chake unaweza kukinunua. Wi-Fi 6 inaweza kuikata megahezi 20 hadi vipande tisa na kuwapa watu tofauti watume kwa pamoja. Faida yake si kupunguza kubisha hodi tu. Simu yenye nguvu ndogo ikiimwaga yote kwenye kipande chembamba, kelele inayokutana nayo ni ya kipande hicho peke yake. Simu mbili zenye pengo la desibeli 20 kila moja, zikipokezana zinapata biti 3.33 kwa hezi kila moja. Zikigawana masafa na kutuma pamoja zinapata 3.83. Kama simu za watumiaji wako wengi zinaiunga mkono Wi-Fi 6, ruta ya aina hiyo ina maana. Kama wengi wana simu za miaka kumi iliyopita, hela hiyo nunulia waya.

Hatua ya 8: Laini ya intaneti, usiikate vipande

Hewa ikishatulia, msongamano unahamia kwenye laini. Wengi hapa hufanya kosa moja la huruma: megabiti 24 gawanya kwa vyumba 24, kila chumba kifungiwe 1. Inaonekana ni haki. Hesabu ya simu inaonyesha kwa nini inaumiza.

Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1917 kanuni ya kujua ni wapigaji wangapi watakaokosa njia. Mtambo wa GSM, yaani wa simu za 2G, wenye masafa ya kilohezi 200 una nafasi nane. Tuseme moja ni ya uratibu, saba za maongezi. Watu 90 wakiongea dakika 2 kila mmoja ndani ya saa ya kilele, ni dakika 180. Gawanya kwa dakika 60 za saa hiyo, unapata mzigo wa Erlang 3. Kwa nafasi saba, takriban wapigaji 2 kati ya 100 watakosa njia. Sasa ziunganishe nafasi 14 ziwe za wote. Kwa kiwango kilekile cha kukosa unabeba Erlang 8.2, watu 246. Nafasi zimekuwa mara mbili, watu wamekaribia mara tatu. Kinachobebwa na chungu kimoja kikubwa ni zaidi ya vichungu viwili, kwa sababu kilele cha huyu mara nyingi ni mapumziko ya yule.

Kwa hiyo iache laini iwe moja, na uipange foleni. Kwenye ruta zenye programu ya OpenWrt, au za MikroTik zenye programu ya toleo la 7, kuna mpangilio wa foleni uitwao CAKE; fq_codel nao unafaa. CAKE hugawa sawasawa kwa wale wanaotumia wakati huo tu: akiwa mmoja usiku wa manane anapata yote, wakiwa 16 wanagawana. Weka kikomo chini kidogo ya kasi halisi uliyoipima, asilimia 90 hivi, ili foleni ijipange ndani ya ruta yako unayoiongoza, badala ya kwenye modemu usiyoiongoza. Usisahau upande wa kupakia. Modemu yenye hifadhi ya megabaiti 1 kwenye laini ya kupakia ya megabiti 2 inaweza kumsubirisha kila mtu sekunde nne nzima kwa sababu kijana mmoja anatuma video kwa mama yake.

Jaribu hivi: anza ping (amri inayopima muda wa ujumbe kwenda na kurudi) kwenda 8.8.8.8, anwani ya Google, iache iende, kisha anzisha upakiaji mkubwa kwenye kompyuta nyingine. Milisekunde zikiruka kutoka 40 hadi mia kadhaa, kikomo chako bado kiko juu. Kishushe kidogo kidogo mpaka zitulie.

Hatua ya 9: Rudi saa tatu usiku

Kipimo cha mchana hakikuambii kitu. Rudi saa ileile, kwenye vyumba vilevile, na ramani ileile, uandike namba mpya kando ya zile za zamani. Kama ruta inaonyesha asilimia ya matumizi ya hewa, iandike pia uilinganishe na hesabu yako. Zikipishana sana, kuna kitu hukukihesabu: jirani aliyehamia chaneli yako, maikrowevu ya jikoni, au chumba ambacho mlango wake ni wa chuma, kama kile namba 19 kilichonisumbua mpaka nikaisogeza ruta hatua mbili.

Ile siku ya marudio tulipima mwisho wa korido tukapata 21. Mama mwenye hosteli aliandika namba hiyo kwenye daftari lake, akapiga mstari chini yake, akaniuliza kama kweli bado anahitaji kifurushi cha 50. Tukapiga hesabu pamoja pale ngazini: 16 mara 1.5, ongeza akiba kidogo. Mwezi uliofuata akalipia cha 30.